Rangi Mpya kwenye Pikipiki ya Marehemu

Habari za msiba zilinikuta sokoni Jericho, hapa Nairobi, nikibishana na mama mboga juu ya fungu la sukuma wiki. Mke wa marehemu alipiga simu na kusema, bila kulia, "Shemeji, rafiki yako ametuacha asubuhi." Nikanunua sukuma bila kubishana tena. Wasomaji wangu mtanisamehe, leo sina siasa wala mizaha. Nina jambo la kuungama.

Marehemu alikuwa fundi wa karakana ya reli, mzaliwa wa Vihiga, na baada ya kustaafu alikaa na mkewe katika chumba kimoja, ghorofa ya nne, katika mtaa wa Pipeline. Chumba chenyewe waligawana na pikipiki. Si ya kubeba abiria. Ilikuwa ya yale mashindano ya mwendo mfupi, ambapo mbili husimama sambamba kwenye barabara nyoofu, taa ikiwaka zinachomoka, na kabla hujameza mate mbio zimekwisha. Yeye na mafundi wenzake waliiunda kwa mikono yao wakiwa vijana, wakairefusha fremu nyuma, na ikawashinda matajiri waliokuja na pikipiki za kuagizwa ng'ambo. Wenzake walikufa mmoja baada ya mwingine, ikabaki kwake. Aliipandisha ngazi vipande vipande, akaiunganisha kando ya kitanda, na hapo ikakwama. Haikuwa na taa wala namba za usajili, kwa hiyo barabarani haikukubalika. Kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu alisema ni matusi. Yeye mwenyewe alikuwa amekwama vilevile. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, taa iliwashwa mchana, na tukiketi kitandani magoti yetu yaligusa tairi. Mimi nilikuwa nikiishiwa pumzi mle ndani. Sikuwahi kumaliza saa nzima.

Alichotaka ni nyumba. Kwao, mwanamume ambaye hakujenga nyumbani hana mlango wa kuingizia jeneza lake; ndugu humsimamishia kibanda cha haraka, na watu hunong'ona. "Mimi sitaki kujengewa nikishakufa, bwana," aliniambia. "Nataka nifungue mlango wangu na ufunguo wangu." Basi mkusanyaji mmoja wa vyombo vya kale vya mbio akasikia habari za ile pikipiki, akaahidi kumtuma mthamini. Rafiki yangu akaniita nimsaidie kujiandaa. Kabla ya kushika kalamu nilikuwa nikikagua magari yaliyogongwa kwa niaba ya kampuni za bima, na nilijiona bingwa.

Niliizunguka kadiri chumba kilivyoruhusu, nikaona uchafu tu. Tangi lilikuwa limekwaruzwa, namba ya mbio iliyoandikwa kwa brashi imechujuka, na fremu imejaa madoa ya rangi ya njano, bluu na nyeupe, kama ukuta wa chekechea. "Hii haiendi kwa mnunuzi hivi," nilitangaza. Huku kwetu hatuuzi kitu bila kukipiga msasa. Hata gari lililopinduka tunalipaka rangi na kung'arisha tairi kabla mteja hajafika. Yeye alisita. "Hayo madoa ni ya wakaguzi. Kila siku ya mbio walikuwa wanatia moja wakishaipima." Nikamjibu, "Mbio ziliisha, bwana. Mnunuzi anataka kitu safi." Akaishusha ngazi vipande vipande, akaipeleka kwa mpiga rangi wa Shauri Moyo, ikarudi nyekundu, inang'aa hadi unajiona sura.

Mthamini alikuwa dada mpole mwenye tochi. Alichuchumaa, akamulika fremu upande huu na upande ule, kisha akaizima tochi. "Wazee wangu," alisema, "nani aliwaambia muipake rangi?" Akatueleza taratibu kwamba yale madoa ndiyo yaliyokuwa ushahidi kuwa pikipiki hii ilikimbia kweli, ikakaguliwa, ikapita. Sasa alichokiona ni pikipiki nzuri ambayo mtu yeyote angeweza kuiunda mwaka jana. Mkusanyaji asingeichukua. Rafiki yangu alimsindikiza hadi chini kwa heshima, akarudi, akaketi kitandani. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Basi. Tulidhani ni uchafu." Hapo niliona aibu kubwa, kwa sababu yeye hakuwahi kudhani hivyo.

Aliishi miaka mitatu zaidi katika chumba kile. Juma lililopita tulimpeleka Vihiga. Vijana wa ukoo walikuwa wamesimamisha chumba cha mabati kwa siku mbili, na jeneza lilipitishwa mlangoni kwa shida, kwa ubavu. Waombolezaji walinishika mkono, wakanishukuru kwa kuwa rafiki wa kweli, nami nikatamani ardhi ipasuke. Mjane ndiye aliyenivuta kando. "Shemeji, yeye alijua unakosea kabla hata hajaishusha ile pikipiki. Nilimwambia akatae. Akasema umezungumza kwa uhakika sana, akikukatalia utaaibika."

Kwa miaka mingi nimetoa ushauri katika safu hii, na wengi mmeniandikia kunishukuru. Leo nina mmoja tu. Mtu akija kukufundisha, kwa sauti ya uhakika kama yangu, thamani ya kitu ulichokijenga kwa mikono yako, usimwonee haya. Mwaibishe.