Habari Iliyongoja Supu

Chemutai alikuwa yaya kwa mzungu mmoja mfugaji karibu na Elmenteita. Mwaka wa 1954 memsahib, mke wa mzungu huyo, alipoamua kwenda kwao Uingereza, alisema watoto hawawezi safari bila yaya wao. Wangepanda meli Mombasa hadi Italia, kisha treni kuvuka nchi za watu. Wafanyakazi wenzake walimwonea kijicho, wasijue mzigo aliobebeshwa.

Mama yake alikuwa amefariki mapema mwaka huo. Mdogo wake, Kiplangat, aliyepelekwa na wamisheni Uswisi kusomea udaktari wa mifugo, hakuwa ameambiwa. Baba yao alikataa katakata asiandikiwe. Msiba, alisema mzee, hausomwi na mtu peke yake chumbani. Huletwa na mtu wa nyumbani. Aliposikia kwamba treni ingepita Basel, mji aliokaa Kiplangat, alimwita binti yake.

"Mlishe kwanza," alimwambia. "Mwenye njaa haambiwi kifo. Akishashiba, mwambie."

Ndivyo walivyolelewa, na Chemutai hakuona ugumu wowote. Nani ameshindwa kumlisha mtu?

Memsahib, tusimnyime haki yake, alimpelekea kijana telegramu kutoka Italia. Watoto waliona milima yenye theluji wakapiga kelele dirishani. Chemutai alikuwa akipanga maneno.

Basel treni ilisimama ibadilishiwe injini. Kiplangat alikuwa pale, amekonda, ndani ya koti lililomzidi. Walikumbatiana hadi wapita njia wakageuka. Akauliza kama mama hajambo. Wote wanakusalimu, alisema Chemutai, na haraka akafungua leso aliyofungia mkate na mayai. Kiplangat akacheka, akaisukuma. Tangu lini mgeni akamlisha mwenyeji? Akamvuta hadi kwenye hoteli ya stesheni, akaagiza supu mbili.

Hapo mambo yakaharibika, kwa adabu tupu. Chemutai alimngoja ale. Kiplangat naye alikuwa na maneno ya miaka miwili: ng'ombe wa huko wanavyofungwa kengele shingoni, vikongwe wanavyomshika nywele, zizi la mawe atakalomjengea mama. Kijiko kilipanda, kikashuka kabla ya kufika mdomoni.

"Kula, ndugu yangu."

"Kula wewe, dada, umetoka mbali."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Memsahib alitokea mlangoni akipunga mkono. Treni ilikuwa inaondoka.

Chemutai angeweza kusema pale mezani. Angeweza kusema wakikimbia. Lakini amwambie mtoto huyu akiwa na tumbo tupu, kisha amwache peke yake kwenye stesheni ya wageni? Alipanda. Kiplangat alikimbia sambamba na dirisha.

"Mwambie mama nikimaliza nakuja moja kwa moja."

Na Chemutai, Mungu amsamehe, akaitikia kwa kichwa. Alilia Ufaransa nzima, watoto wa watu wakimbembeleza yeye.

Aliporudi nyumbani, mzee aliuliza kwanza kama kijana alikula. Alikula, alisema Chemutai. Akauliza alipokeaje habari. Alilia kidogo, akajikaza. Mzee alimshukuru na kumbariki, na baraka hiyo ilimuuma kuliko kiboko. Barua za Kiplangat zilipofika, yeye ndiye aliyemsomea baba yake, akiziruka salamu za mama. Kila mara alijiambia kwamba ijayo atasema ukweli.

Miaka miwili baadaye Kiplangat alishuka kwenye treni Nakuru. Alimkumbatia baba, akamkumbatia dada, kisha akatazama nyuma yao.

"Mama amebaki anapika?"

Mzee alimgeukia binti yake. Ikabidi Chemutai amwambie mdogo wake palepale katikati ya wapagazi, na kijana hajatia hata maji mdomoni.

Kiplangat hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alipata kazi ya kutibu ng'ombe upande wa Naivasha, na kila Krismasi alikuja kumtembelea dada yake kama ndugu yeyote mwema. Chemutai alimchinjia kuku, akampikia wali, akamtengea maziwa lala. Na kila mwaka, chakula kikiwa mezani, Kiplangat aliweka mikono magotini, akamtazama usoni.

"Dada, kuna habari yoyote?"

"Hakuna."

Hapo ndipo aliponawa mikono.