Sehemu ya Mama Iliyochelewa Kulala

Mama alivunjika mkono akishuka na ndoo ya kahawa kwenye njia ile ya Nkoaranga inayoteleza hata wakati wa jua. Nilipopanda kutoka Levolosi, mjini, nilimkuta hospitali, mdogo wangu wa kike ameshamfikisha. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Mimi niliondoka kwenda kuandika vitabu. Alipotoka kumchemshia mama uji nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba sasa mama angenishika mimi.

Mtaalamu wa usingizi alimchoma dawa kidogo, ya kumtuliza tu, ili daktari aunyooshe mkono. Uso wa mama ukalainika. Akiwa amefumba macho, akanivuta vidole na kusema kwa Kimeru, "Usiende mbali. Nikisikia miguu yako uani ndipo usingizi wangu unaposhuka."

"Siendi, mama," nikajibu kwa Kiswahili, lugha yetu mimi na yeye tangu nilipopelekwa shule ya bweni.

Akaniachia vidole. "Karibu, mgeni," akasema kwa adabu. "Binti yangu atakuletea kiti."

Mkono ulipokwisha kufungwa plasta nikamfuata mtaalamu barazani. "Ile ilikuwa dawa inaongea, si ndiyo?"

"Dawa haina maneno, dada," akasema. "Inajishika kwenye vipokezi, milango midogo ya chembe za ubongo. Vipokezi hivyo si vya aina moja, wala havikugawanywa sawasawa. Kwa hiyo kwa dawa ileile, sehemu moja inasinzia na jirani yake bado iko macho. Woga unatulia, kumbukumbu haiwekwi, na mtu anaendelea kuongea."

"Kwa hiyo hatakumbuka?"

"Huenda asikumbuke."

Niliichukia ile sehemu iliyokuwa macho. Ndani ya kichwa cha mama palikuwa na mahali ambapo dawa ilichelewa kufika, na hapo alikaa mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimesimama nje, nangojea kiti.

Mdogo wangu alirudi na chupa ya uji, viatu vimejaa matope. Nikamweleza maneno ya mama, neno kwa neno, nikimtazama usoni. Nilitaka alie, nijue lilikuwa jambo kubwa, la mara moja, lililotolewa na sindano.

"Hilo?" akasema, akifungua chupa. "Mbona ananiambia kila jioni nikitoka kukama. Hebu shika kikombe, dada."

Nikakishika.