Nilimsingizia mama wa Tunduma kwamba pilipili yake ina vumbi la tofali

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Kila nikikuta mtu humu anauliza pilipili nzuri ya unga inatambulikaje, huwa naandika jibu halafu nafuta. Leo sifuti. Haya ni ya kweli, na kuna sehemu moja sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa kufundisha kemia sekondari moja upande wa Mlowo. Nilikuwa kijana wa mawazo mengi. Nikikuta barua mezani, kabla sijaifungua nimeshafukuzwa kazi kichwani.

Nilikaa nyumba moja na Mwalimu Siwale, Mnyamwanga mwenye utani mwingi. Tulipika kwa zamu.

Waliokuwepo wanakumbuka hali ya vitu. Sabuni foleni, mafuta ya kula ukiyaona unasimulia. Tulikula maharage ya kuchemsha karibu kila siku, na kilichoyafanya yalike ni pilipili ya unga. Kununua ilikuwa kazi yangu.

Jumamosi nikadandia lori hadi Tunduma.

Sokoni palikuwa na Mama Tabia, mjane kutoka Kondoa. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa malori. Alibaki Tunduma na binti yake mdogo na kinu. Pilipili alianika mwenyewe, akaikaanga kidogo, akatwanga, akachekecha. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, haing'ai.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: anakuwekea chembe kidogo mgongoni mwa mkono, unalamba, ndipo anakufungia.

"Lete mkono, mwalimu, uonje."

"Nitaonja nyumbani, mama."

"Ehee! Jamani, msomi anaogopa pilipili!"

Wanawake wa jirani wakaangua kicheko. Ukweli nilikuwa naogopa kukohoa mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Akanifungia kwenye gazeti bila mimi kuonja, nikaondoka masikio yanawaka.

Njiani mawazo yakaanza. Kwa nini haing'ai? Kwa nini alicheka? Niliwahi kusikia wapo wanaochanganya pilipili na tofali lililosagwa, na kwamba ukiitia kwenye maji tofali huzama.

Nyumbani nikajifungia chumbani. Nikachota maji kwenye ndoo, nikatia kijiko cha pilipili kwenye glasi, nikasubiri.

Chini pakatuama tope jekundu.

Sikumwambia Siwale. Nilikaa nalo wiki nzima, nikijiona nimegundua kitu. Jumamosi iliyofuata nikarudi Tunduma. Nilipanga kumnong'oneza tu, lakini aliponiona akapaza sauti, "Msomi wangu! Leo utalamba?" Watu wakacheka tena, nami nikapandwa na hasira.

"Silambi tofali," nikasema. "Nimeipima. Mimi ni mwalimu wa kemia."

Kicheko kikakatika.

"Baba, unasema nini? Mkono huu ndio uliotwanga."

Mgambo wawili walikuwa karibu. Enzi hizo neno kama hilo halikuwa dogo. Mtu aliitwa mlanguzi, mhujumu, na mambo yake yakaharibika hapo hapo. Walichukua kopo la pilipili na yeye mwenyewe, wakaenda naye ofisi ya kata. Binti yake alibaki ameshika ungo, na jirani mmoja akamvuta kwake.

Jioni hiyo nikamweleza Siwale kwa kujigamba. Alisikiliza, kisha akauliza, "Maji ulichota wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo! Si mtungini?"

Wakuu, ilikuwa masika. Maji ya mto kule wakati huo huja na udongo mwekundu, ndiyo maana kila nyumba huyaacha yatulie mtungini kabla ya kunywa. Siwale alijaza glasi maji ya ndoo, bila pilipili, akaiweka mezani. Tukakaa tukiitazama.

Tope likatuama chini. Lile lile.

"Bwana wewe," akasema, "na watoto unawafundisha nini?"

Nilikuwa nawafundisha kuweka control, yaani kipimo cha pili cha kulinganishia. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemkaripia mwanafunzi kwa kuisahau.

"Kesho asubuhi nenda," Siwale akaniambia.

Sikwenda. Jumapili nikajiambia ofisi imefungwa. Jumatatu nikajiambia nina vipindi. Ukweli nilikuwa nawaza: wakiniuliza nitajibuje? Wakiandika kwa mkuu wa shule? Niliandika barua ya maelezo mara nne, nikachana zote.

Jumanne ndipo nikaenda. Nikamweleza katibu kata mbele ya watu waliokuwepo. Akasema tu, "Na wewe ndiye msomi wetu."

Mama Tabia akatolewa mahabusu. Kitenge kimekunjamana, midomo imekauka. Nikapiga magoti, nikaeleza habari ya maji. Aliuliza swali moja:

"Ulijua lini?"

Nikajibu, "Leo asubuhi, mama."

Akavuta pumzi. "Basi umewahi, mwanangu. Mwingine angesubiri."

Hiyo ndiyo sehemu niliyoficha. Nilijua tangu Jumamosi. Siku tatu alilala pale, na mimi nalala kitandani kwangu naujua ukweli.

Alirudi sokoni. Wateja wengine hawakurudi. Nilikwenda kila Jumamosi, nikalamba pilipili yake mbele ya watu hadi machozi yakatoka, na yeye akiwaambia wateja, "Mwalimu huyu alijua asubuhi, saa nne yuko ofisini kunitetea. Vijana wa hivyo wachache." Nami nikawa naitikia kwa kichwa. Miaka miwili, hadi nilipohamishwa.

Kwa wanaotafuta pilipili: nunua kwa anayekaanga na kutwanga mwenyewe, usihangaike na mng'ao, inuse, ilambe. Ukitaka kupima kwa maji, weka glasi mbili, moja ya maji matupu.

Nilichojifunza zaidi ni kwamba kukosea kulinichukua dakika chache pale sokoni. Siku zile tatu nilizichagua mwenyewe.

Najua mtanisema, semeni. Ila aliyewahi kusamehewa kwa sababu ya uongo, aniambie alifanyaje baadaye. Mama Tabia sijui aliko, na Siwale alishafariki. Nimebaki nalo peke yangu.