Mstari wa Nyuma

Enzi zetu pale Shituru, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, hakuna mama aliyeanika nguo kabla ya kutazama moshi unaelekea wapi. Moshi wa kiwanda ulikwaruza koo, na ukishukia kamba, kitenge chekundu kilichujuka kikawa kama maji ya kuoshea mchele, kisha kikatoboka. Mama akiuona unageuka, alipaza sauti mpaka nyumba zote za mstari wetu zikasikia: "Mutoshe bilamba ku kamba! Moshi inashuka!" Tuliacha mchezo, tuliacha matunda ya masuku tuliyookota porini, tukakimbia kukumbatia nguo zinazochuruzika maji. Kisha bukari, ugali wetu, ya moto na samaki wadogo wa ndakala waliokaangwa kwa nyanya, na kila mmoja akijisifu ameokoa nguo ngapi. Waliozaliwa juzi hawaijui raha hiyo. Wao nguo ikichelewa kukauka wananuna.

Shuleni tulifundishwa kujivunia uafrika. Jina langu la ubatizo liliachwa mlangoni, nikabaki Ngoie. Nywele tulisukwa kwa nyuzi. Wigi ilikuwa aibu, suruali kwa mwanamke ilikuwa kosa. Mambo ya wazungu, tuliambiwa, yamekwisha. Lakini chini ya godoro letu dada yangu mkubwa, yaya Kabedi, alificha katalogi ya nguo kutoka Ulaya. Mama, aliyekuwa akifua nguo kwa injinia mzungu, alipewa na mke wa injinia huyo. Tuliifungua polepole tukinusa kurasa zake. Wanawake wote mle walikuwa wa rangi moja, na nywele zao zilianguka mabegani zenyewe.

Kila sikukuu ya Serikali wasichana wa kambi walicheza animasyon, zile ngoma za kumsifu kiongozi. Wimbo ulisema tupende ngozi ya mababu zetu. Kabla ya mpiga picha kufika, msimamizi wa ngoma alitupanga: "Bekundu mbele, beusi nyuma! Picha itoke muzuri." Kwetu mwekundu ni mtu mwenye ngozi ya kung'aa, iliyokaribia ya mzungu. Yaya Kabedi, aliyejua kucheza kuliko wote, akapelekwa nyuma, nami nikamfuata. Msichana mmoja wa mbele akageuka: "Kabedi, ucheke basi, tukuone!" Wakaangua kicheko. Yaya naye alicheka, kisha akafunga mdomo haraka.

Kesho yake Mama alipopiga kelele, yaya hakukimbia. Nilimkuta katikati ya kamba, amefumba macho, ameinua uso kuelekea moshi.

"Kama moshi inatosha rangi ku kitenge," aliniambia akijipapasa shavu, "ya minye itashindwa juu ya nini?"

Nikasimama pembeni yake. Tulikohoa mpaka machozi yakatutoka. Mama alitukuta hapo, akatuchapa kwa taulo bichi. "Ninyi muko bitenge? Museme! Muko bitenge?" Wiki nzima kambi ilituita bitenge.

Moshi ulishindwa, kwa hiyo yaya akaenda soko la Kikula kununua krimu ya kung'arisha ngozi. Kwenye kopo palikuwa na picha ya mwanamke ambaye angeweza kutoka katika katalogi yetu. Uso ukawa mwekundu, shingo ikafuata. Vifundo vya vidole vilikataa, vikabaki vyeusi. Msimamizi akamweka mstari wa mbele. Majirani walimwita muzungu wetu, na Baba alitabasamu. Yaya aliolewa upesi.

Miaka ikapita akiendelea kujipaka. Alipofika kujifungua, ilibidi apasuliwe. Mtoto alitoka salama, lakini kidonda hakikufunga. Sista wa hospitali alishona, uzi ukakata ngozi, akashona tena. Alimweleza Mama kwamba krimu ya miaka mingi imeila ngozi. Mama hakulia. Alisema tu, "Iko ka bile bilamba bya ku kamba. Unashona huku, inapasuka kule." Yaya alikufa mtoto hajajua kukaa. Tulimvika kitenge kipya. Mama alichagua chenye rangi kali kuliko vyote.

Nimejifunza kuandika peke yangu, kwa kunakili magazeti yaliyofungiwa samaki, na aya hiyo nimeifuta na kuirudia mpaka karatasi ikatoboka. Naogopa neno likae vibaya. Naogopa kioo zaidi. Kopo la mwisho la yaya limo sandukuni mwangu. Sijalifungua. Wala sijalitupa.

Leo moshi umepungua, mashine nyingi zimelala, na nguo zinakauka na rangi yake yote. Katalogi hazifichwi tena: vijana wanabandika kurasa zake ukutani, na wasichana wanapakana krimu barazani mchana kweupe, wakituona sisi washamba.

Juzi kwenye harusi ya jirani, mpiga picha alituita tujipange. Ngalula, yule mtoto wa yaya, sasa msichana mkubwa, mweusi kama mama yake alivyozaliwa, alinishika mkono akanivuta hadi nyuma kabisa, nyuma ya wanaume warefu.

"Nani amekutuma huku?" nikamuuliza.

"Mama mudogo, si huku njo fasi yetu? Weye unasimamaka huku siku zote."

Zamani moshi ukigeuka, palikuwa na mtu wa kupiga kelele. Nilifungua mdomo nimjibu. Mpiga picha akasema tutulie.

Nikatulia.