Begi lako lipandishe mwenyewe kwanza: Phyllis na ngazi za ghorofa saba

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, Qatar. Ngazi za jengo la ghorofa saba zimejaa watu wanaohema. Lifti ipo na inafanya kazi vizuri tu, ila hakuna anayethubutu kubonyeza kitufe chake kwa sababu Phyllis Kagendo amesimama mbele ya mlango wake, mikono kaikunja kifuani.

"Twende, twende! Ghorofa ya tatu bado si Thailand!" anapaza sauti kuelekea juu. Kicheko kinamrudia, kikifuatwa na kikohozi.

Wanaopanda ni wafanyakazi kumi na wanne wa hoteli moja ya Lusail. Wiki ijayo wataruka hadi Chiang Mai, kisha watatembea siku nne msituni, wakilala katika nyumba za wanakijiji wa jamii ya Wakaren, wanaoishi vilimani kaskazini mwa Thailand. Leo kila mmoja amebeba begi atakalosafiri nalo, likiwa na kila kitu anachotaka kwenda nacho.

Sharti la Phyllis ni moja. Kabla mtu mwingine hajakubebea mzigo wako mlimani, upandishe wewe ngazi hizi mara tatu.

Wa kumi na tano, ambaye ndiye kiongozi wao, amegoma. Chelsea Atieno, Mkenya anayesimamia mapokezi ya hoteli hiyo, amekaa juu ya begi lake pale chini kama mtu anayengojea basi. Mizani imesema kilo kumi na tisa.

"Mimi nimelipia pota, mtu wa kunibebea," anasema. "Sasa tena nibebe mwenyewe? Kwani hii ni jeshi?"

"Si jeshi, dada. Ni ngazi tu."

"Zii, sipandi. Nampigia Trevor."

Na anapiga kweli.

Trevor Oduor ni meneja wa kampuni ndogo ya safari iliyoko Al Sadd, ndiye mkubwa wa Phyllis. Siku mbili kabla ya asubuhi hii alimwita ofisini akamweleza bila kuzunguka: hoteli hii ikiridhika italeta makundi kila mwaka, kwa hiyo kundi hili aliache lipite na mizigo yake. Mkataba wa Phyllis unaisha Desemba. Wateja hao wakiondoka kwa hasira, Trevor hajui atautetea vipi.

Phyllis alisikiliza, akaitikia "sawa bosi", kisha akawatumia watu wote kumi na tano ujumbe kwamba Jumamosi saa mbili kuna ngazi.

"Usiku huo sikulala vizuri," anakiri. "Sina ushujaa wowote. Nina mtoto yuko chuo Meru, nina mama. Lakini nilifikiria yule bibi, nikaona siwezi."

Ili kumjua huyo bibi, inabidi kwanza kumjua Phyllis.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Chogoria, kaunti ya Tharaka-Nithi, mahali ambapo Mlima Kenya unaanzia nyuma ya nyumba. Akiwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto mchanga aitwaye Kendi ambaye baba yake hakuonekana tena, alijiunga na wapagazi wanaobeba mizigo ya wapanda mlima. Wanawake walikuwa wawili katika kundi zima. Wanaume walisema hatamaliza wiki. Alibeba miaka kumi na mmoja.

Safari yake ya mwisho alibeba kilo ishirini na saba. Mgeni mmoja alikuwa na siku ya kuzaliwa, na marafiki zake walitaka kumshtukiza kule juu. Ndani ya begi kulikuwa na keki kwenye bati na chupa sita za mvinyo.

"Nilisikia mgongo umesema 'ta', hivyo tu," anasimulia. "Wakaimba, wakakata keki, hata mimi wakanipa kipande. Nilikula nimelala chini, sikuweza kukaa."

Daktari alimwambia asibebe tena kitu kinachozidi kilo tano maisha yake yote. Ndiyo sababu ukimwona kwenye ngazi hizi daima yuko chini. Watu wapya humcheka kwamba anawatuma wenzake huku yeye amesimama.

Alikuja Doha miaka sita iliyopita kufanya usafi katika hoteli moja ya Al Sadd. Ule mgongo aliuficha kwa vidonge na mkanda chini ya sare. Trevor alipokuwa akitafuta mtu wa stoo, wa kutunza mahema, makoti ya mvua na viatu vya kukodisha, Phyllis alikuwa mwombaji pekee aliyejua kiatu kinavyomla mtu kisigino. Analipwa riyali 2,600 kwa mwezi. Zaidi ya nusu huenda Kenya, kwa Kendi na kwa mama.

Februari mwaka jana msaidizi wa safari aliugua, na Phyllis akapelekwa Thailand badala yake. Kazi yake ilikuwa kugawa chakula na kuhesabu watu.

Anaisimulia safari hiyo kama mtu aliyekwenda kwao kwa mlango wa nyuma. Gari liliwashusha mwisho wa barabara. Wakatembea saa sita, wakavuka mto uleule mara nne, ruba wakipanda kwenye soksi. Jioni wakafika kijijini: nyumba za mianzi zilizoinuliwa juu ya nguzo, nguruwe wakikoroma chini ya sakafu, moto ukiwaka katikati ya chumba juu ya sanduku la udongo. Salamu ya kwanza waliyopewa, kiongozi wa msafara akawatafsiria, ilikuwa kuulizwa kama wamekula.

"Nikasema hapa nimefika. Huko kwetu pia hakuna mtu anakuuliza habari ya safari kabla hajakuuliza kama umekula."

Kijiji kile kina utaratibu mmoja uliomvutia. Wageni hawalali kwa mwenye nyumba nzuri. Nyumba zinapokezana, leo kwa huyu, kesho kutwa kundi jingine kwa yule, hata kama paa la yule linavuja kidogo. Kila mlango unapata siku yake.

Na wapagazi pia hupokezana. Kwa safari yao mmoja wao alikuwa bibi Mu, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwembamba, mcheshi, anayebeba kikapu mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Analipwa kwa kila begi, wala hakuna anayeuliza begi lina nini.

Siku ya pili, kwenye mteremko wa matope, bibi Mu aliteleza. Kikapu kilimvuta upande akaanguka kwa goti. Walipokifungua ili wampunguzie, wakatoa begi la mgeni mmoja. Ndani yake kulikuwa na viatu vya visigino virefu, kikaushia nywele na pasi ya umeme.

"Pasi!" Phyllis anarudia, na hata leo sauti inampanda. "Kijiji tunachoenda kina taa mbili tatu za sola. Huyo mtu alikuwa anaenda kupigia pasi nini, majani? Nilicheka. Halafu nikaangalia uso wa yule bibi, pale ukanda unapokaa. Pameingia ndani, pana alama. Mama yangu ana alama kama hiyo, ya kubeba kuni. Nikalia mbele ya wageni, sikuona haya."

Bibi Mu hakulia. Alifunga goti kwa kitambaa, akauliza kama kikaushia kimevunjika.

Aliporudi Doha, Phyllis alinunua mizani ya kuning'iniza kwa pesa zake na kutangaza kikomo: kilo kumi kila begi. Trevor hakupinga wala hakuunga mkono. Watu walipima, wakapita, Phyllis akafurahi, mpaka dereva wa kampuni, Saidi, Mzanzibari asiyeweza kukaa na neno moyoni, alipomfungua macho.

"Da Phyllis, wewe unajisumbua bure," Saidi anakumbuka kumwambia. "Wale wakishaingia garini kwangu, vitu vinatoka mifukoni, vinatoka chini ya viti, utadhani wanahama nyumba. Begi unalipima Al Sadd, linajaa njia ya uwanja wa ndege!"

Phyllis aliona aibu kama mtu aliyeibiwa mchana. Alifikiria kuwapekua uwanjani, akaacha. "Mtu ukimpekua anaficha," anasema. "Akichoka, anatoa mwenyewe. Hapo ndipo nikakumbuka ninakaa kwenye jengo lenye ngazi."

Doha haina kilima cha kumfunza mtu adabu. Lakini ghorofa saba mara tatu, na begi mgongoni, zinatosha. Kundi la kwanza liliacha stoo katoni mbili za vitu, na hakuna aliyeamriwa kuacha hata kitana.

Basi Trevor anafika Jumamosi hii, funguo za gari mkononi, uso wa mtu aliyekatizwa kifungua kinywa.

"Mama Kendi, si tuliongea?"

"Tuliongea, bosi."

"Na?"

"Bosi, kama ni mkataba, nimekuelewa. Usiusaini. Lakini leo bado mimi ndiye niko hapa, na hilo begi sitaliandikisha."

Walioko ghorofa ya pili wameinama kwenye vyuma vya ngazi kusikiliza. Phyllis amesimama wima, kamba ya mizani mkononi.

Trevor anamtazama Chelsea, anamtazama Phyllis, kisha anavua saa yake. "Kilo kumi na tisa ni kitu gani? Leteni nipandishe mimi, tumalize haya maneno."

Ghorofa ya kwanza anapanda kwa mbwembwe. Ya pili anawasalimia watu. Ya tatu viatu vyake vinasikika vikiburuta. Ya nne havisikiki kabisa.

Dakika kumi na moja baadaye anarudi, shati limemganda mgongoni. Hakuna anayemuuliza alifika ngapi. Anaketi kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Hii ina nini ndani?"

Chelsea anafungua zipu polepole. Viti viwili vya kukunja. Spika. Mashine ya kahawa.

"Ni vitu vya kundi," anasema, na sauti imepungua.

"Mashine ya kahawa, Chelsea? Si kule ndiko wanakolima hiyo kahawa?"

Ngazi nzima inaangua kicheko. Trevor hacheki. Anamgeukia Phyllis.

"Wewe ulibeba hivi miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na si ngazi."

"Si ngazi, bosi. Na zaidi ya hiyo."

Chelsea anauliza itakuwaje akikataa kabisa. Trevor anapangusa jasho. "Muulize huyu," anasema, akimwelekeza Phyllis kwa kidevu. "Yeye ndiye ananipangia mizigo."

Chelsea alipanda. Alitoa viti, spika na mashine, akapanda mara tatu na kilo tisa na nusu bila kumsemesha Phyllis hata neno, na aliposhuka mara ya mwisho alipita mbele yake kama anapita nguzo ya taa. Phyllis anasema jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Jioni hiyo alijaza fomu za kutafuta kazi ya usafi katika hoteli mbili, hata kama mgongo wake usingeimudu kazi hiyo mwaka mmoja, kwa sababu maneno mazuri ya bosi kwenye ngazi si mkataba.

Wiki tatu baadaye Chelsea aliingia stoo ya Al Sadd, amechomwa na jua, amebeba kifuko cha kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Ndani mlikuwa na kilo mbili za mchele wa vilimani.

"Ni wako, umetumwa na bibi Mu," alisema. "Kikapu chake kilikuwa chepesi mpaka akatuonea huruma, manze. Alidhani tumefilisika. Alituuliza kama huko tunakotoka kuna njaa. Asubuhi ya kuondoka kila mtu akapewa mchele wa kurudi nao, na wako akaufunga peke yake, baada ya kiongozi wa msafara kumweleza ni nani anatupandisha ngazi."

"Na nani ameubeba kutoka kijijini?" Phyllis akauliza.

"Mimi. Nani mwingine?"

Wakacheka mpaka Saidi akaja kuangalia kuna nini. Hawajawa marafiki wa kupigiana simu, Phyllis anasema, lakini hoteli imeshaweka nafasi ya kundi la pili.

Trevor aliusaini mkataba. Sharti la kilo kumi sasa limechapishwa kwenye fomu ya kila mteja, na sharti la ngazi limeandikwa chini yake. Alimpa Phyllis miaka miwili. Phyllis akachukua mmoja.

Mwaka huo ukiisha anarudi Chogoria. Tayari wanawake wanane wa kijiji chake, watatu kati yao wapagazi wa zamani, wamekubali kufungua nyumba zao kwa wageni wanaotaka kutembea siku kadhaa katika misitu ya chini ya mlima. Nyumba zitapokezana, kama alivyoona kule. Mama yake ana wasiwasi kuhusu choo. Kendi, anayesomea uhasibu, ana wasiwasi kuhusu kila kitu.

Ninapomuuliza atajuaje kama mpango wake umefaulu, natarajia atanitajia idadi ya wageni. Badala yake ananionyesha viatu vyake, ambavyo havina kamba, vya kutumbukiza mguu tu. Miaka minane sasa hajaweza kuinama kufunga kiatu. Alipokwenda kumtembelea Kendi chuoni, binti huyo alipiga magoti mbele ya wenzake akamfungia mama yake viatu vya kanisani.

"Nataka nimwone mwanamke wa kwetu, mpagazi, amefika miaka sitini," anasema Phyllis. "Anainama, anafunga viatu vyake mwenyewe, anainuka bila kushika ukuta. Nikimwona mmoja tu, nitajua."