Siku niliyomwozesha kaka kwa dada yake sebuleni kwa Hajji

Mpaka leo nikipita Kimaka, kule Jinja, nashusha kofia hadi kwenye nyusi, maana kuna nyumba moja pale yenye geti la kijani ambayo wenyewe wanajua nilichofanya, na naona ni heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine ambao wataongeza chumvi (ingawa sijui wataiongeza wapi, imeshajaa).

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Jinja, nimekaa Buwenge, sasa napanga chumba Nabuyonga, hapa Mbale, na kokote niendako kitu kimoja hakinitoki: filamu. Siku hizi natazama kitandani, kwenye simu, na mwezi uliopita niliingia ukumbi mmoja wa kisasa wenye viti laini na baridi, watu kimya kama wanafanya mtihani, filamu ikaisha bila mtu hata mmoja kumwonya shujaa anayenyemelewa. Nilitoka na huzuni. Sisi tulikulia kwenye vibanda vya video, ndugu zangu, kwenye mabenchi, jasho linatiririka, na VJ amekaa mbele na kipaza sauti anatutafsiria Kihindi na Kichina papo hapo kwa Luganda, huyu anamwita Mukasa, yule anamwita Musoke, na sisi tunapiga kelele. Hiyo ndiyo sinema.

Sasa, Sauda. Sauda anauza vitenge hapa Mbale, mjane, mcheshi, na baada ya miezi minane ya mimi kununua vitenge nisivyovihitaji akakubali nikaonane na watu wake Jinja. Mwenye neno kwao ni kaka yake mkubwa, Hajji Twaha. Hajji akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nirudi Nabuyonga na vitenge vyangu.

Jumapili hiyo, baada ya chakula, tulikaa sebuleni: Hajji, mama yao mzee, Sauda, na jirani yao Afande Okidi, mwanajeshi kutoka kaskazini ambaye hajui Lusoga, lugha ya hapo, kwa hiyo kwa heshima yake sote tulisema Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri. Hajji aliniuliza nimekaa wapi na wapi, na kama huko kote sikuacha mke. Nikasema sikuacha. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akawasha TV, na loo, ikatokea filamu ya Kihindi ya zamani ambayo niliitazama kibandani mara nne!

"Lakini hii hakuna VJ," mama akalalamika. "Tutaelewaje?"

Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Mama, hiyo naijua yote. Nitawatafsiria."

Nikasogeza kiti mbele, na nikaanza. Mukasa huyu, huyu binti ni dada yake, ni yatima, wamenyonya titi moja, na yule mzee wa masharubu ni Musoke aliyemuua baba yao. Ndivyo VJ wetu alivyotuambia mara zote nne, sikuongeza kitu. Mama akavutiwa mpaka akaacha kutafuna karanga.

Ukaja ule wimbo wa mvua. Mukasa na dada yake wanakimbizana kwenye miti, nguo zimelowa, wanashikana.

"Wanamlilia marehemu baba yao," nikaeleza.

Mama akatoa machozi. Hajji akakunja uso. "Mbona wanashikana hivyo?"

"Ni huzuni, Hajji."

"Huzuni ya kiuno?" akauliza Afande.

Sauda aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, halafu akachukua rimoti apunguze sauti ya mvua, akabonyeza sijui wapi, na chini ya picha yakatokea maandishi ya Kiingereza. Afande, mtu aliyesoma, akaanza kuyatafsiri polepole kama anasoma amri ya kambi: "Mpenzi wangu... tangu siku ya kwanza kukuona... mimi hapana lala."

Mama akafuta machozi.

"Maandishi ya siku hizi hayaaminiki, Afande," nikasema.

"Iko hapa, bwana! Mimi nasoma na macho yangu!"

Ningeweza kukiri hapo. Ningecheka, wangecheka, basi. Lakini nikaona nikikiri kwenye filamu Hajji ataanza kupekua na mengine, kwa hiyo nikakaza kamba. Filamu nayo ikakaza. Yule Musoke, muuaji, akamkumbatia binti na kumwita mwanangu.

"Baba yake si amekufa?" akauliza mama.

"Hakufa, mama. Alikuwa Juba tu."

Halafu ngoma zikalia, maua yakamwagwa, na Mukasa akamvisha dada yake shada la ndoa, mbele ya baba aliyetoka Juba, na watu wote wakashangilia.

Mama alipiga kelele. "Anamwoa dada yake!"

"Si wa damu," nikasema, jasho linanitoka. "Walilelewa pamoja tu."

Hajji akanigeukia taratibu. "Si umesema walinyonya titi moja?"

"Kidogo, Hajji."

"Kidogo! Haramu, bwana! Haramu ndani ya nyumba yangu, mbele ya mama yangu!" Akazima TV. Akanitazama mpaka nikaanza kutazama zulia. "Sasa niambie. Hili la kwamba huko Buwenge hukuacha mke, uliliona mwenyewe, ama nalo ulitafsiriwa?"

Afande alicheka mpaka akatoka nje. Sauda hakucheka. Alinisindikiza hadi getini, akasema, "Ungesema tu hujui." Nikarudi Mbale.

Hajji alikwenda Buwenge mwenyewe, siku ya soko, kuniulizia. Akanipigia simu kutoka huko huko, nikisikia mbuzi nyuma yake.

"Mke hawakumwona," akasema. Nikapumua. "Lakini wanamuulizia rubani. Wanasema alikuwa anarusha ndege za jeshi. Rubani ni nani, bwana?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku moja pale Buwenge, mbele ya chai, watu wakinisikiliza vizuri...

"Ni mimi, Hajji," nikasema. "Na ndege sijaipanda hata kama abiria."

Mbuzi wakalia muda mrefu. "Njoo Ijumaa," akasema mwishowe. "Uje kimya."

Tangu hapo mtu akiniuliza filamu ilikuwaje, nasema ilikuwa na rangi, basi, na hata ukinishikia panga sitakwambia nani ni ndugu wa nani. Ijumaa nilikwenda. Walinipokea vizuri, Sauda akaleta chai, mama akaniuliza hali, na TV ilikuwa imefunikwa shuka kubwa jeupe, mpaka chini.