Ugonjwa wa Redio

Nina kaka. Naiandika sentensi hii kwa shida, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya umri wangu nimekuwa nikisema sina. Harusini, watu wanapouliza mlizaliwa wangapi, nimejibu kwamba nilizaliwa peke yangu. Wengine wamenihurumia, wengine wamesema ndiyo maana nina kiburi. Niliwahi hata kuandika makala juu ya malezi ya mtoto wa pekee, ikasifiwa sana na watu wenye ndugu wengi. Ukweli ni kwamba nina kaka, mkubwa wangu, na sijamtia machoni tangu nikiwa darasa la tano.

La kuchekesha, kama lipo, ni kwamba huwa naitwa kwenye makongamano kueleza jinsi vyombo vya mawasiliano vilivyobadili elimu, biashara na siasa baada ya Uhuru. Nasimama, navaa miwani, nasema redio ilikuwa shule ya umma. Watu wanaandika. Kisha tunakwenda kwenye chai na sambusa. Sijawahi kuwaambia kwamba redio ninayoijua kwa undani ni moja tu, ile iliyokaa dirishani kwetu Temeke, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Baba alikuwa mchonga vinyago kutoka Kusini. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alikipenda kinyago chake kikubwa cha mpingo, baba akaipenda redio ya Mzungu. Wakabadilishana, kila mmoja akiondoka na imani kwamba amemlalia mwenzake. Mama alishukuru kuliko wote, maana kinyago kile kilikuwa kikimtisha.

Kabla ya redio, baba alikuwa mtu wa kuja. Wenyeji wa mtaa, watu wa pwani wa tangu na tangu, walimsalimu kwa mbali na kwenda zao. Baada ya redio, baraza yetu haikukauka watu. Walikuja kusikiliza taarifa ya habari, wakabaki kwa ngoma, wakabaki kubishana. Ulipofika uchaguzi wa balozi wa nyumba kumi, hakuna aliyehutubia. Mzee mmoja alisema tu, "Mkutano si tunaufanyia kwake kila jioni? Basi na awe yeye, tusihangaike kuhamisha mabenchi." Baba akawa balozi kwa kura za betri sita.

Mama naye alikuwa akikaanga vitumbua vya asubuhi tu. Akagundua kwamba anayesikiliza hotuba huona njaa. Hotuba ndefu ilikuwa faida, fupi ilikuwa hasara, kwa hiyo aliwapenda viongozi wenye maneno mengi. Darasa la watu wazima lilipoanza kufuata masomo ya redio, lilikaa pale pale barazani, na mama akajifunza kusoma huku mkono mmoja ukigeuza vitumbua. Maneno ya kwanza niliyomsikia akiyasoma yalikuwa yale ya kwenye gunia la unga. Aliyasoma kwa sauti, kisha akaligeuza gunia kutafuta kama kuna mengine.

Shuleni vilevile. Mwalimu wetu alipoleta redio darasani mara ya kwanza na sauti ikasema habari za asubuhi watoto, sote tulisimama tukapaaza, "Shikamoo mwalimu!" Ile sauti ikaendelea na hesabu zake. Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "Haina adabu hii."

Kaka ndiye pekee aliyekuwa hajali redio inasema nini. Alitaka kujua inasemaje. Alikuwa anasomea ufundi, na mchana baba akiwa kazini aliweka sikio nyuma ya lile sanduku, akalipiga kidole kama daktari anavyopiga mgongo wa mgonjwa. Baba alikuwa amepiga marufuku hata kulifuta vumbi.

Kulikuwa na hotuba kubwa iliyongojwa. Wiki nzima redio ilikuwa ikikoroma. Betri zilianikwa juu ya bati kama dagaa, hazikusaidia. Siku yenyewe, baba akiwa kwenye karakana, kaka aliifungua. Mimi nilimshikia skrubu kwenye kifuniko cha kopo. Jioni mtaa wote ulifika, na mwenyekiti wa tawi la chama akakalia kiti chetu pekee chenye mikono. Baba akatoa kile kitambaa, akazungusha kinobu. Kimya. Akazungusha tena.

"Balozi," mtu akauliza kutoka nyuma, "leo wanahutubia kwa ishara?"

Watu wakacheka. Kaka akasogea. "Baba, nipe muda kidogo, kuna waya nimeuunga vi—"

Baba hakumtazama. Alimtazama mwenyekiti. "Huyu si fundi," akasema. "Huyu ni mhujumu."

Siku zile neno hilo halikuwa mzaha. Tulilijulia kwenye redio hiyo hiyo, likisemwa juu ya watu waliokuwa wakiiangusha nchi. Watu walianza kucheka, wakaona mwenyekiti hacheki, wakanyamaza mmoja mmoja. Kesho yake watoto walimfuata kaka njiani, "Mhujumu! Mhujumu wa redio!" na mimi, Mungu anisamehe, nilipita upande wa pili wa barabara nisije nikaitwa mdogo wake mhujumu. Wiki haikwisha. Asubuhi moja mama aliingia chumbani kwake akakuta kitanda kimetandikwa, jambo ambalo kaka hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Bisibisi yake haikuwepo.

Redio ilitengenezwa na fundi wa Buguruni aliyesema kwamba kijana alibakiza waya mmoja tu. Baba alilisikia hilo, akaifunika redio kitambaa chake.

Miezi ilipita. Mama alikula kwa kulazimishwa. Mwishowe baba alikwenda kutoa tangazo. Wakati ule, baada ya taarifa ya habari, walisoma vifo, kisha waliopotea: fulani bin fulani, popote ulipo, urudi nyumbani haraka, mama yako mgonjwa sana. Kila mtu alikuwa akiijua njia hiyo. Hakuna baba ambaye angesema nisamehe mwanangu huku nchi nzima imetega masikio. Ulisema mama mgonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa tafadhali yetu.

"Mimi naumwa nini?" mama aliuliza.

"Si lazima uumwe. Tangazo tu."

"Mzee, ugonjwa ukiitwa huitika."

"Unamtaka mwanao humtaki?"

Mama akarudi kwenye vitumbua vyake.

Ambacho baba hakukifikiria, pamoja na ubalozi wake, ni kwamba tangazo lile lingesikika kwanza kabisa barazani kwake. Jina la kaka lilipotajwa na mama mgonjwa sana, mtaa wote uligeuka kumtazama mama, ambaye alikuwa amesimama na sinia ya vitumbua. Baba akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamlaza. Balozi asingeweza kuonekana mwongo.

Siku mbili mama alilala, khanga kichwani, akipokea wageni. Waliletwa kuku na machungwa. Shoga yake, mama mmoja wa Kizaramo mwenye macho makali, alikaa ukingoni mwa kitanda akamchunguza.

"Unaumwa wapi hasa, Mama Balozi?"

"Kote."

"Homa?"

"Mh."

"Mbona hujapoteza hata shavu?"

Mama akavumilia, kisha akashindwa. "Naumwa redio, shoga. Niache nilale."

Yule mama alicheka mpaka akatoka nje kupiga chafya. Tangu siku hiyo, mtaani kwetu, aliyetega kazi au shule aliambiwa anaumwa ugonjwa wa redio.

Asubuhi ya tatu mama aliamka kabla jua halijatoka. Unga wa mchele alioulowesha kabla ya kuugua ulikuwa umeumuka mpaka unamwagika. "Unga haungoji mgonjwa," alisema, akawasha moto, akakaanga mbele ya nyumba huku akiimba, na nilimwona anafurahia kusimama.

Kaka hakuja. Baba alisema, "Kasikia. Ana moyo wa jiwe huyo." Mama alisema, "Hakusikia." Miaka iliyofuata wazazi wangu walibishana juu ya mengi, lakini chini ya kila ubishi nilikuwa nausikia huo mmoja.

Kisha mambo yakawa magumu. Betri ziliadimika, redio ikakaa kimya chini ya kitambaa chake. Mafuta na mchele viliadimika pia, vitumbua vikafa. Siasa ikahama baraza yetu, ikaenda kwenye duka la ushirika, kwenye foleni ya sukari. Huko ndiko ilikokuwa simu ya mtaa, nyeusi, yenye kufuli dogo kwenye tundu la namba ili isizungushwe bila ruhusa. Meneja wa duka akawa mkubwa kuliko balozi. Baba alimsalimu yeye kwanza.

Mimi nilifika Chuo Kikuu. Nilikuwa mwaka wa pili, nikijua majina mengi marefu ya mambo mafupi, mama alipougua. Safari hii ugonjwa haukuitwa, ulikuja wenyewe. Tumbo lilivimba, mikono ikawa vijiti. Hospitali walimweka, kisha wakamrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, nasi tukaelewa.

Mama alikuwa na haja moja. Hakuisema, ila kila mlango ulipolia aligeuza kichwa.

Baba akasema atatoa tangazo. Aliniletea maneno niyaangalie kwanza, kwa kuwa mimi msomi. Yalikuwa yale yale: popote ulipo, urudi nyumbani haraka, mama yako mgonjwa sana. Niliongeza mkato mmoja. Nikashauri tuweke na namba ya simu ya duka, maana dunia imebadilika. Msomi wa mambo ya mawasiliano, na sikuona kitu kingine cha kubadilisha.

Tuliazima betri. Mama alilisikia tangazo lake akiwa ameegemea mito. Akatabasamu. "Leo ndiyo wamesema kweli," akasema.

Lilisomwa siku kadhaa. Hakuna aliyekuja. "Hajasikia," mama alisema, mara ya mwisho kwa sauti ndogo ambayo ilibidi niinamie kinywa chake kuisikia. "Betri zimekuwa ghali."

Alifariki alfajiri. Walimkosha na kumvika sanda, na baada ya sala ya adhuhuri wanaume wakawa wanajipanga kumtoa. Sisi wanawake tulikuwa ndani, maana kwetu wanawake hawaendi makaburini. Ndipo meneja wa duka akaja mwenyewe, kwa miguu yake, kofia mkononi.

"Kuna simu yako. Ya mbali. Wameishikilia."

"Usitoke, mwanangu," shangazi aliniambia. Nikatoka, pekupeku, khanga mbili.

Mwanamke wa mitambo ya simu alisema, "Ongea, Tabora yupo." Kisha sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaniita jina langu la utotoni.

"Umekua, we! Sauti kama ya mama."

"Kaka. Uko wapi?"

"Tabora. Mie fundi wa simu sasa, napanda nguzo. Mwambie mzee mhujumu wake kaajiriwa na serikali." Akacheka. "Nimelisikia tangazo lenu hapa kantini. Nikacheka peke yangu, wenzangu wakanishangaa. Bado mnalo lile lile?"

"Kaka, sikiliza—"

"Sikiliza wewe. Lile la kwanza nilikuja, unajua? Nilikuwa Morogoro. Nimelia njia nzima juu ya lori la mkaa. Nafika alfajiri, nasimama pale kona ya msikiti, namwona mama mzima, anakaanga vitumbua, anaimba. Nikasema aha. Kumbe naitwa nikamaliziwe mbele za watu."

"Si ungemsalimia tu."

"Ningemsalimia ningebaki."

Nilishika kaunta. "Kaka, safari hii ni kweli."

"Na wewe wamekufundisha!" Hakuwa na hasira. Alikuwa akicheka vile alivyokuwa akicheka nilipomfichia viatu. "Haya. Nipe mama. Nikiisikia sauti yake ni ya mgonjwa, kesho nipo kwenye treni. Naapa. Mwite."

Kutoka uchochoro wetu sauti za wanaume zilianza kupanda. La ilaha illa Llah. La ilaha illa Llah. Meneja akaizima redio yake. Watu wa foleni ya sukari wakasimama kando, wengine wakavua kofia. Jeneza lilitokeza barabarani chini ya kitambaa cha kijani, likipokezanwa bega kwa bega, na baba mbele, mkono wake kwenye mti wa jeneza kama aliyeshika mlango.

"Hallo?" kaka alikuwa akisema. "Umemwita?"

Nilitafuta neno sikulipata, mimi ambaye leo hulipwa kwa maneno. Nikauvuta waya wa simu mpaka ukakataa, nikanyoosha mkono nje ya mlango, nikaielekeza simu barabarani. Nikakaa hivyo mpaka mtu wa mwisho alipopita.

Nilipoirudisha sikioni hakukuwa na kicheko. Palikuwa na pumzi ya mtu, mbali sana. Kisha yule mwanamke wa mitambo akaingia kati, kwa adabu zote za kazi yake.

"Muda umekwisha. Mnaongeza?"